Mhadhara wa Bingwa wa Kamera Zote

Wapigapicha chipukizi, kaeni, nyamazeni. Mnayemwona mbele yenu ndiye Bingwa wa Kamera Zote, cheo nilichotunukiwa na kamati ya watu makini ambayo mwenyekiti wake ni mimi.

Mada ni safari ya picha kutoka mkanda hadi dijitali. Tuanze na historia, yaani mimi. Enzi zangu mkanda ulikuwa na picha 36, na ukishafyatua umefyatua. Mteja alirudi baada ya wiki, ndipo akakuta bwana harusi hana kichwa. Wakati huo biriani limeshaliwa, wageni wametawanyika, na malipo yako mfukoni mwangu. Hiyo, vijana, ndiyo taaluma.

Chumba cha giza ndicho kilichonilea. Mikanda niliisafisha chini ya taa nyekundu, nikiitazama kwa jicho la kitaalamu. Mahasidi wanadai taa nyekundu ni ya karatasi za picha za nyeusi na nyeupe, na kwamba mkanda husafishwa kwenye giza totoro. Wivu! Yangu ilitoka myeusi tii, fremu zote 36, bila upendeleo.

Haya, dijitali. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak kule Rochester, New York, aliunda kamera ya dijitali yenye uzito wa karibu kilo 4. Ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja ya pikseli 10,000, tena kwenye kaseti. Kaseti! Nilipopata habari nilitangaza kijiweni kwamba kichekesho hiki hakifiki popote. Wakubwa wa Kodak nao, bila hata kunijua, wakaendelea kuegemea mikanda. Mwaka 2012 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Mnaona? Sikuwa peke yangu.

Sasa ubaya wa dijitali ni upi? Mteja anaona. Papo hapo! Bibi harusi hajashuka hata jukwaani, ananyoosha shingo kwenye kioo cha kamera: "Mzee, mbona naona kidole tu?" Kipaji gani kitastawi hapo? Na nyie mnafyatua keki moja mara mia, mnafuta, mnarudia, hamna msimamo. Mimi sijawahi kufuta picha hata moja. Wateja ndio waliozichana.

Nipigeni basi ya ukumbusho. Leta nione. Mh, tumbo hilo si langu. Futa. Tena. Futa na hiyo. Endelea tu, kijana, kadi bado ina nafasi.