Mchoraji Aonyeshwe Angali Hai

Jamani, hili limenikaa kooni. Majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani yanatangaza mapema kabisa: mwakani tutaonyesha kazi za fulani, tangu alipoanza mpaka alipofikia. Kitabu kinachapishwa, wanafunzi wanapelekwa, watu wanapanga foleni. Sisi je? Mchoraji wetu mpaka azikwe ndipo tumkumbuke, tena kwa tisheti. Msyuu!

Tumchukue Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, kazaliwa 1932, kaja Dar es Salaam kutafuta riziki, akaanza kuchora mnamo 1968. Turubai hana, kachukua ubao wa dari na rangi ya baiskeli. Mtazameni chui wake: mnyama mmoja kajaza ubao mzima, madoa yamepangwa moja moja, mkia unajipinda kutafuta nafasi, na nyuma yake rangi moja imetulia. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi, wakimdhania mhalifu anayetoroka. Miaka minne tu ya kazi, na mtindo mzima ukabaki na jina lake.

Sasa kijana wa Tandale akitaka kuziona mbao za mkono wake Edward, zimepangwa mwaka kwa mwaka, aanzie wapi? Nyingi zilinunuliwa na wageni waliokuwa wakiishi Oysterbay, wakafungasha, wakaondoka nazo. Hapa tumebaki na kazi za wafuasi, na nyingine zina sahihi yake ilhali brashi yake haikuzigusa. Nani atatuambia ipi ni ipi, ikiwa hakuna aliyekaa akaandika?

Ndugu yangu hapa pembeni anasema hela hakuna. Aka! Mbona Nairobi wameweza? Mchoraji Michael Armitage alianzisha kituo cha sanaa, NCAI, na mwaka 2022 kikaandaa maonyesho makubwa ya Sane Wadu, kazi zake za miongo kadhaa. Huyo ndiye aliyeacha ualimu akashika brashi, watu wakamwita mwendawazimu, naye akajibu kwa kujiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Kaonyeshwa nyumbani, mwenyewe akiwa hai. Hapo nampigia saluti aliyefikiria.

Maana maonyesho ya namna hii kazi yake kubwa inafanyika kabla ya kupigilia msumari ukutani. Mtu anatafuta kila mchoro ulipo, anabisha hodi kwa walionunua, anaazima, anaweka bima, anageuza ubao kusoma kilichoandikwa mgongoni. Mchoraji akiwa hai, unamuuliza: mzee, hii ulichora lini, na huyu ni nani? Jibu unalipata papo hapo. Akishafariki, unabaki kubishana na wafanyabiashara.

Kwa hiyo wenye makumbusho, msisubiri jengo jipya wala mfadhili. Mwaka huu chagueni mchoraji mmoja mzee. Mtumeni kijana mwenye kamera na daftari kwake, apige picha kila kazi mbele na nyuma, aandike tarehe na jina la aliyenunua. Kisha tangazeni siku, tuijue mapema kama wenzetu wanavyojua. Nasi wa kijiweni tusiseme sanaa ni mambo ya wazungu. Siku ikifika twende na watoto, na mzee mwenyewe apewe kiti cha mbele.