Gari Lililokataa Kushuka

Springi ya gari, yaani waya mnene wa chuma uliosokotwa ili ubebe uzito na kumeza mishtuko ya barabara, hutii kanuni iliyochapishwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678, kwamba kadiri inavyobanwa ndivyo inavyosukuma, wala haibagui kati ya mhandisi na mkaguzi wa hesabu wa Tudor, Mombasa, aliyeamua kuibadilisha mwenyewe uani, Jumamosi, kwa spana za kuazima. Mkaguzi huyo, ambaye kwa heshima ya familia yake hatatajwa, alikuwa na Subaru Impreza iliyotimiza miaka ishirini na ushei, na alitaka kuishusha milimita 30 kwa springi fupi na ngumu zaidi, ili ifanane na ile ambayo Colin McRae alishindia Safari Rally mwaka 1997. Magari ya Safari, kwa hakika, yalikuwa yakiinuliwa, kwa kuwa mawe ya njia zile hayakuwa na simile kwa gari linalotambaa. Lakini asubuhi ile hakutokea wa kumwambia.

Springi ya mbele ya gari la aina hiyo huizunguka shokomzoba, ambayo ni silinda ya mafuta inayoituliza springi isiendelee kudunda, na shokomzoba yenyewe hufungwa kwenye kitovu cha gurudumu kwa bolti mbili. Upepo wa chumvi ulikwisha kuzifungisha bolti hizo na nati zake ndoa isiyo na talaka, hivi kwamba zilihitajika saa mbili za mafuta ya taa, nyundo, na kipande cha bomba la maji kilichochomekwa kwenye mpini wa spana ili kuurefusha. Bolti ya juu ilipokubali, ilikubali ghafla, na mkaguzi akaenda na bomba lake hadi kwenye kamba ya nguo. Bolti hiyo, isitoshe, hutengenezwa ikiwa na tumbo upande mmoja, ili kwa kuizungusha fundi arekebishe mwinamo wa gurudumu, na kwa sababu hiyo hutiwa alama kabla ya kufunguliwa. Alama ilitiwa, kwa chaki. Mafuta ya taa yakaifuta.

Sehemu ya hatari ni kibanio, yaani jozi ya kulabu zenye parafujo ndefu zinazoikaza springi ili nati ya juu ifunguliwe bila kuruka. Springi yenye ugumu wa newtoni 30 kwa kila milimita, ikibanwa milimita 150, husukuma kwa nguvu ya newtoni 4,500, na huwa imehifadhi nishati inayokaribia ile ya theluthi mbili za mfuko wa saruji ulioachiliwa kutoka urefu wa mita 1. Hesabu hiyo aliifanya mkaguzi mwenyewe, kwa sauti, kulabu moja ikiwa imeanza kuteleza, na majirani waliokuwa wakitoa ushauri ukutani wakarudi nyuma bila kuambizana. Hakuna aliyeumia, ingawa ushauri ulikoma.

Kufikia alasiri springi zote nne zilikuwa mahali pake, jeki ikateremshwa, na gari likasimama juu kuliko lilivyokuwa asubuhi.

“Baba Asha,” aliuliza mzee wa nyumba ya pili, “si ulisema unalishusha?”

Jambo hilo lina sababu, kwani gari likiwa hewani magurudumu huning’inia na kusogea ndani, nalo likiteremshwa mipira yake huing’ang’ania sakafu na kuyazuia yasitanuke, mpaka gari lisogezwe hatua chache. Baba Asha, ambaye hakuijua sababu, alikwisha kufungua tena nati za gurudumu moja.

Liliposogezwa lilishuka kweli, tena kwa adabu, na katika tuta la kwanza nje ya lango likaacha bomba la moshi. Kutoka hapo hadi kwa fundi wa alaimenti, anayepima na kunyoosha uelekeo wa magurudumu, liliendeshwa likivuta kushoto, na kila tuta lilivukwa kimshazari, abiria wote wakiwa wameombwa washuke na kutembea.

Springi za zamani hazikutupwa. Moja imewekwa jikoni kuwa kigoda cha mtungi wa mama mkwe, na chini ya lita 20 za maji haijashuka kiasi cha kuonekana kwa macho.