Sifa za Desa la Isimu

Wanaosifu vitabu na waendelee. Mimi nalisifu desa la fonolojia, lile linalouzwa steshenari nje ya geti la chuo, kopi ya kopi ya kopi, ukurasa wa 14 haupo na hakuna aliye hai aliyewahi kuuona.

Tazameni linavyomfikirisha mtu. Darasani tunaambiwa b na d za Kiswahili huvuta hewa ndani, ndiyo maana huandikwa [ɓ] na [ɗ], zenye ndoano kichwani. Ndoano hizo mashine ilishazila zamani. Kwa hiyo kwenye jedwali, safu ya Kiingereza na safu ya Kiswahili zinafanana herufi kwa herufi, na chini yake pana swali: Eleza tofauti (alama 10). Kitabu kingekupa jibu ukalale. Desa linakusimamisha mbele ya kioo usiku wa manane, mkono kooni, unasema "baba, baba", mpaka mwenzako wa chumbani aanze kuulizia nafasi bweni jingine.

Desa la sintaksia nalo lina makuu yake. Mchoro matawi wa "Juma anapika ugali" umekatwa upande wa kushoto, kirai nomino chote kikaenda na maji. Ugali unapikwa, mpishi hajulikani.

Na nisiwasahau wadesaji wenyewe, wale ambao darasani hawaonekani, ila usiku wa kuamkia mtihani wanaibuka kwenye grupu: "Wadau, mwenye desa?" Msiwacheke. Mwanaisimu Ferdinand de Saussure alifariki mwaka 1913 bila kukiandika kitabu kinachobeba jina lake. Kilitoka 1916, kimeungwaungwa na Charles Bally na Albert Sechehaye kutokana na madaftari ya wanafunzi wa Geneva, na mabwana hao wawili mihadhara yenyewe hawakuihudhuria. Albert Riedlinger, aliyekaa darasani akaandika, aliwekwa chini yao kama mshiriki tu. Yaani kazi ya kikundi kama zetu, tena imesomwa dunia nzima.

Kikundi chetu tuko saba, waandishi wawili. Bally wetu hajaonekana tangu wiki ya tatu, lakini jina lake tumelitanguliza kwenye jalada. Namba ya usajili tutaijaza akijibu meseji.