Kanivo Yetu Haifukuzi Mgeni

Nimekaa mbele ya kanivo hii miaka tisa. Nimeiruka, nimeteleza ndani yake, nimeopoa kiatu cha mtoto kwa kijiti. Atakayenikataza kuisifu aseme kwanza yeye anaijua tangu lini.

Wengine waimbe Ziwa Albert. Mimi nasifu kanivo ya njia ya soko hapa Mahagi-Port, ule mtaro wa mawe uliojengwa kupeleka maji ya mvua ziwani, nao ukaikataa kazi hiyo kwa adabu zote.

Sifa yake kuu ni ukarimu. Mitaro ya kwingine ina roho mbaya: maji yakija, inayafukuza. Yetu inayapokea. Mvua ikinyesha milimani Mahagi, maji huteremka mbio, na yakifika kwetu huambiwa: karibuni, kaeni, haraka ya nini? Yanatandikiwa mkeka wa mifuko ya plastiki, yanapewa mto wa maganda ya mihogo, na kichwa cha sangala kwa kitoweo. Yakimaliza wiki, hayaulizwi safari. Yakimaliza mwezi, huota majani na kuzaa, na watoto wake hutuimbia masikioni usiku kucha. Hata ziwa lenyewe lilishapokelewa. Mvua za mwisho wa 2019 zilijaza Ziwa Victoria, Nile ikatushushia mzigo huo, na 2020 Ziwa Albert likapanda mpaka ndani ya nyumba za pwani. Mtaro mwingine ungeona aibu kupandwa kinyumenyume. Wetu ulilishika ziwa mkono ukalileta mpaka chini ya kitanda changu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakufika huku. Huku mgeni yupo, jembe liko kwenye bajeti.

Sifa nyingine nazipitia tu. Inafundisha watoto kuruka na inapima ulevi wa baba zao. Imewatia adabu vijana wa pikipiki, kazi iliyowashinda polisi. Kuhusu kipindupindu... hapana, hapo sina mzaha. Pwani hii ugonjwa huo haukai mbali ukasahaulika. Usiku mmoja tulimbeba jirani juu ya mlango uliong'olewa, kumkimbiza kituo cha afya, na njiani tukasimama kwenye kanivo hii hii tukibishana nani atangulie kuvuka na mgonjwa asimwagike. Usiku ule sikuisifu.

Turudi kwenye sifa. Kanivo yetu inamheshimu Leta, yaani serikali. Kila asubuhi mtoza ushuru hufika na kitabu chake cha tiketi. Huvua viatu vyeusi, hukunja suruali mara mbili, hukanyaga jiwe ambalo mama mmoja muuza samaki aliliweka kwa mikono yake, halafu huyo, ng'ambo.

“Jambo, mama. Ushuru.”

“Jambo, baba. Na kanivo?”

“Hiyo ni ya ngazi ya juu, mama.”

Ngazi hiyo nimeipanda. Ofisi moja ilinituma kwa nyingine, ya pili ikanituma Bunia, na Bunia nikaambiwa tusubiri Kinshasa. Sasa, katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena zikatwe pale pale zinapokusanywa. Desturi ni nyingine: pesa hupanda zote Kinshasa, kisha majimbo yanangoja kurudishiwa, kama mtoto anavyongoja chenji ya peremende. Kinachorudi jimboni kwetu Ituri kinakuta vita mlangoni. Tangu Mei 2021 jimbo linatawaliwa na wanajeshi, na mtaro haushindani na risasi. Hilo naelewa. Lakini mbona tiketi ya soko haijawahi kusikia kwamba kuna vita? Maji yamesahau njia ya kushuka, pesa haijasahau hata siku moja njia ya kupanda.

Na pwani hii si ya kutupwa. Mwaka 1906 Mfalme Leopold II alikubaliana na Waingereza kwamba eneo la Lado litarudi kwao akishakufa, ila ukanda wa kilomita 25 kwa upana, kutoka mgawanyo wa maji ya Nile na Kongo mpaka ziwani, bandari ya Mahagi ikiwemo, ubaki upande wa Kongo. Mfalme ambaye hakukanyaga Kongo maisha yake yote aliing'ang'ania bandari yetu kwa kilomita 25. Sisi tunaoikanyaga kila siku tunaomba upana wa beleshi moja.

Beleshi lenyewe tunakodi kwa fundi mmoja, shilingi elfu mbili za Uganda kwa siku. Hata deni la Leta tunalilipa kwa pesa ya ng'ambo. Jumamosi ijayo tunafanya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, tutaanzia pale kwenye jiwe la mama wa samaki. Baba mtoza ushuru, njoo na wewe. Viatu umeshazoea kuvua.