Mkia wa Pimbi

Watoto wetu hufundishwa kwamba pimbi hana mkia kwa sababu ya uvivu. Siku mikia ilipogawiwa mvua ilikuwa inanyesha, naye akaona taabu kulowa, akawatuma wenzake wamchukulie wake. Wenzake wakarudi na mikia yao, wa pimbi ukasahaulika. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni na kwa miaka mingi niliicheka. Siku hizi sicheki. Najiuliza aliyeanza kuisimulia alikuwa nani, na alikuwa amesimama upande gani wa ua.

Basi naisimulia upya, kama ninavyoamini ilivyokuwa.

Zamani pimbi alikuwa na mkia, tena mkia wa kutamaniwa, wenye kishada mwishoni. Aliishi kwenye majabali yanayoshuka kutoka Mbozi kwenda bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Ivuna, ambako watu wamechemsha chumvi kwa mamia ya miaka. Pimbi hawakuchemsha, walilamba. Chumvi ilichuruzika kwenye nyufa za mwamba, ikakauka juani, ikaacha utando mweupe. Kila ukoo ulikuwa na ufa wake, na mpita njia mwenye hamu ya chumvi hakunyimwa.

Kisha akaja Mhanga. Pua ndefu kama ya nguruwe, masikio kama ya punda, na kucha ambazo hazichoki usiku kucha. Alikuja na jani kubwa la mgomba lenye alama ya ukucha wa Simba. Jani lilisema kwamba mwamba wote, kuanzia nyasi za juu hadi maji ya chini, ni wake kwa misimu mingi ijayo, na Simba atapata fungu lake. Pimbi hawakuitwa jani lilipoandikwa. Waliitwa liliposomwa.

Mhanga akachimba. Chumvi ikatoka mzigo kwa mzigo, ikapita njia ya mbali kwenda kwa walaji wasiomjua pimbi wala jabali lake. Hapo mimi huona picha kamili, maana naishi Tunduma, kando ya barabara ya malori. Shaba ya Zambia na Congo hupita hapa kwenda bandari ya Dar es Salaam, bamba juu ya bamba, yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Upepo ukiinua turubai unaona kingo zake, nyekundu na chakavu kama magome ya mti. Bamba halina jina la kijiji. Hata ulitazame namna gani, halikuambii kama huko lilikotoka mtoto alikunywa maji safi.

Kuzunguka mwamba ukawekwa ua wa miiba. Mawe yaliyobaki yalitupwa kwenye lundo ndani ya ua, yakiwa bado na vumbi la chumvi, kama mabaki ambayo watu wa Geita huyaita magwangala. Vijana wa pimbi wakawa wanapenya usiku kwenda kuyalamba. Mhanga akawapa jina: wavamizi. Mtoto aliyezaliwa juu ya jabali akaitwa mvamizi wa jabali hilohilo, na jina hilo likatangulia mbele yake kila alikokwenda, hata kwenye kesi yake mwenyewe.

Ulinzi ulikuwa wa mbwa mwitu. Walikuwa mbwa wa Simba, walioapishwa na Simba, lakini nyama waliyokula jioni ilitoka kwenye ghala la Mhanga. Usiku mmoja wa mbalamwezi walilizingira lundo. Pimbi watatu hawakurudi nyumbani. Wa nne alirudi bila mkia.

Mama yake akaenda kwa Mhanga. Mhanga akamjibu, "Mama, hao mbwa si wangu. Ni wa Simba, nami siwezi kuwaamrisha." Mama Pimbi akatembea siku mbili hadi barazani kwa Simba, pale penye Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani. Simba akasema, "Waling'ata wakiwa kazini kwa Mhanga. Rudi ukamuulize yeye." Akarudi. Miguu ilikuwa imevimba na swali lilikuwa lilelile.

Sikuyatoa haya hewani. Huko Nyamongo, wilayani Tarime, kona ya pili kabisa ya nchi ukitokea kwetu, upo mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mei 2009 maji ya mgodi yalivuja yakaingia mto Tigithe, ambao wanakijiji waliutumia kwa kunywa na kunywesha ng'ombe. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliokuwa wakilinda mgodi waliwafyatulia risasi watu walioingia kutafuta mawe, na watu wasiopungua 5 wakafa. Mgodi ulikuwa na makubaliano ya maandishi na Jeshi la Polisi, na uliwalipa askari hao kwa ulinzi. Kampuni ya Barrick, pamoja na tawi lake lililoitwa African Barrick Gold na baadaye Acacia, imeshikilia siku zote kwamba polisi ni chombo cha dola, hakiko chini ya amri yake. Mjane aliyemzika mume hana nafasi ya kupima ni mkono gani ulishika kamba na ni upi ulitoa nyama. Anachojua ni kwamba aling'atwa.

Sasa, mbayuwayu huja kwetu kila mwaka na kurudi Ulaya. Hao ndio waliobeba habari. Wakatua kwenye mapaa ya walaji wa chumvi, wakasema waliyoyaona. Walaji wakaanza kuuliza sokoni: hii chumvi ina damu? Mhanga hakuwahi kuwasikia pimbi kwa misimu yote ile, lakini swali la sokoni alilisikia siku hiyohiyo. Akajenga Nyumba ya Malalamiko. Aliijenga vizuri, ikapakwa chokaa na kutandikwa jamvi jipya, na aliijenga ndani ya ua. Kuifikia ilibidi upite mbele ya mbwa mwitu.

Karani alikuwa Nyani. Hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto wa kulisha, na majonzi ya wageni wake yalimuuma kweli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu ukae. Pole kwa yaliyokupata. Kijana aling'atwa ndani ya ua au nje?"

"Alikuwa anakimbia, mwanangu. Kichwa kilikuwa kimeshapita kwenye tundu. Mkia ndio ulikuwa haujapita."

"Basi niandike ndani."

"Andika kwamba ameng'atwa."

Nyani akaandika ndani.

Aliuliza mengine mengi: nani aliona, mbwa yupi, meno ya juu au ya chini, na kama yupo shahidi asiye pimbi. Kisha akatoka, akarudi na debe la mahindi na kibuyu cha asali, akaviweka jamvini, na pembeni akaweka jani. Akalisoma haraka, macho yake yakiwa chini. "Nimepokea. Nimeridhika. Sitalisema jambo hili tena, kwa Simba wala kwa mbayuwayu, mimi wala kizazi changu."

"Na nisipoweka wayo wangu?"

"Mahindi yatarudi ghalani, mama."

Mama Pimbi alilitazama lile debe. Nyumbani kijana alikuwa na homa siku ya tisa, kidonda kimeanza kunuka, na chungu kilikuwa kimefunikwa tangu juzi. Nyayo za pimbi zina unyevu wake wa asili, ndio unaomwezesha kung'ang'ania mwamba mkali. Wino haukuhitajika. Alikanyaga mara moja tu na alama ikatokea wazi, kila kidole.

Hapa ndipo moyo wangu unapokwama, kuliko hata usiku ule wa mbwa. Mashirika ya RAID ya Uingereza na MiningWatch ya Canada yalieleza namna utaratibu wa malalamiko wa North Mara ulivyowafanya waathirika, wakiwemo wanawake waliobakwa, kusaini hati za kuacha haki yao ya kushtaki ili wapate kifuta machozi. Lugha yetu inayo maneno mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa: fidia na hongo. Fidia hulipa kilichopotea na kukuacha na mdomo wako. Malipo yanayodai mdomo yamenunua kitu kingine, hata kama yametoka kwenye mfuko ulioandikwa fidia.

Na haikuwa kwamba hakuna aliyejua njia bora. Juni 2011, mwezi mmoja tu baada ya risasi za Nyamongo, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kanuni za kuongoza biashara na haki za binadamu. Maelezo ya kanuni hizo yanasema waziwazi kwamba kampuni inayolalamikiwa haiwezi kujiamulia peke yake hatima ya malalamiko hayo ikategemea kuaminiwa. Wazee wetu walishasema usimpelekee nyani kesi ya ngedere.

Ninayasema haya nikiutazama mkoa wangu. Songwe ni mkoa mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini uchimbaji wake si wa leo: dhahabu ya Lupa imetafutwa tangu miaka ya 1920, mgodi wa New Luika ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012, na kule Ngualla leseni ya kuchimba madini adimu ilitolewa mwaka 2023. Sidai kwamba ya Nyamongo yametokea kwetu. Nasema tukae na jani kabla halijatiwa ukucha. Nyumba ya malalamiko ijengwe nje ya ua, kijijini, karibu na kisima. Msikilizaji asiwe na bwana mmoja anayemlipa. Na mtoto mwenye kidonda atibiwe kwanza, bila mama yake kuulizwa atanyamaza au la.

Turudi kwa pimbi. Misimu ilipita. Mmoja baada ya mwingine, waliokatwa mikia wakaingia kwenye nyumba ya chokaa na kutoka na debe. Wageni walipopita na kuuliza, "Mbona nyie hamna mikia?" pimbi walitazamana wakanyamaza, maana jani lilikuwa limefunga hadi vizazi. Swali lisilojibiwa na mwenyewe hujibiwa na jirani. Watoto wa Nyani, waliokuwa wakicheza karibu, wakajibu kwa niaba yao: walikuwa wavivu, waliogopa mvua. Mgeni akacheka, akaibeba hadithi hiyo, akaifikisha vijiji vyote. Ndiyo tuliyofundishwa sisi.

Lakini hawakukanyaga wote. Ukoo mmoja ulifika mbele ya jani, ukalisikiliza hadi mwisho, ukaliacha debe palepale na njaa yake. Walijaribu kuwafuata mbayuwayu hadi kwenye mabaraza ya mbali, kama watu wa Nyamongo walivyofanya. Kesi ya London iliyofunguliwa mwaka 2013 iliishia kwenye mapatano nje ya mahakama mwaka 2015, na masharti yake hayakutangazwa. Wanakijiji 21 walifungua nyingine Toronto Novemba 2022, na miaka miwili baadaye jaji akasema mahakama za Ontario si mahali pake. Safari ndefu kiasi hicho kwenda kuambiwa umekosea mlango. Nawavulia kofia. Nisingekuwa na miguu hiyo.

Ukoo ule ulipokosa baraza, na mwamba wao umebaki mashimo, uliondoka majabalini ukapanda miti, kwenye misitu ya mvua kuelekea Rungwe. Huko wanaitwa perere. Mchana huwaoni. Ukilala kijiji kilicho karibu na msitu utamsikia mmoja, saa nane za usiku. Anaanza taratibu, sauti kama mlango mzito unaosukumwa, mara moja, mara mbili, kisha inapanda, inazidi kupanda, mpaka inakuwa ukelele unaomfanya mgeni akae kitandani na kuwasha taa. Asubuhi mgeni huuliza ni mnyama gani yule, na amepatwa na nini.

Wenyeji humwambia ni perere, na kwamba yeye hakuweka wayo.