Sifa za Chenso Isiyowaka

Wapo watu wanaokusanya stempu, na wapo wanaokusanya sarafu za kale. Hao ni wachoyo. Stempu haina sauti wala moshi, na mtu anaweza kuzikusanya maisha yake yote bila jirani hata mmoja kuambulia kitu. Anayekusanya misumeno ya mnyororo ya zamani, yaani chenso, ni mtu mkarimu: anachokipenda yeye, mtaa mzima unakisikia.

Chenso ikivutwa moto mpaka mwisho hupiga kelele ya desibeli zipatazo 110 kwenye sikio la aliyeishika. Aliyeishika huwa amevaa vizibo vya masikio, kwa hiyo anaikosa sehemu kubwa ya burudani. Majirani wasio na vizibo wanaipata yote.

Mimi nimebahatika kupakana na mtu wa namna hiyo, nje kidogo ya Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani. Ni mzee mstaafu, mpole, msalimiaji. Ana banda la gari ambalo gari halijawahi kupewa nafasi. Kwenye rafu zimepangwa McCulloch za manjano, Homelite nyekundu za miaka ya 1960, Jonsered za Sweden, Pioneer za Kanada na Stihl za Ujerumani, na chini ya rafu kuna maboksi ya vipuri ambavyo vilitoka kwenye chenso ambazo hazipo tena. Nilipomuuliza ni ngapi kati ya hizo zinawaka, alijibu bila kusita kwamba zote ziliwaka mara ya mwisho alipozijaribu.

Jibu hilo ndilo msingi wa biashara nzima ya chenso kuukuu. Kila inayouzwa iliwaka siku ilipowekwa stoo. Sijasikia mtu aliyeuza chenso iliyokataa kuwaka. Ubovu huingia njiani, baina ya nyumba ya muuzaji na nyumba ya mnunuzi, na muuzaji hawezi kulaumiwa kwa hali ya barabara.

Ili kumheshimu mzee wangu ipasavyo, inafaa kujua anarithi mila gani. Andreas Stihl alitoa msumeno wake wa kwanza wa mnyororo mwaka 1926, wa umeme, wenye uzito wa kilo 48. Mwaka uliofuata Mjerumani mwenzake, Emil Lerp, aliupandisha wa petroli kwenye mlima Dolmar, huko Thuringia, akaujaribu. Huo ulikuwa na kilo 58. Mashine zote hizo zilishikwa na watu wawili, na huo ndio uungwana wake: hukuweza kuangusha mti bila kwanza kupatana na mwenzako. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia uungwana ukaisha. Mwaka 1949 kampuni ya McCulloch ikatoa modeli ya 3-25, ya kilo kama 11, na mwaka uliofuata Stihl wakatoa BL ya kilo 16. Sasa mtu mmoja aliweza kwenda msituni peke yake, akiwa na hasira zake, bila kumwomba ruhusa mtu.

Mnyororo wenyewe una asili ya heshima zaidi. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon aitwaye Joseph Cox alimtazama buu wa mdudu mmoja akitafuna kisiki. Aliona buu hatafuni kwenda mbele tu. Taya zake zinakata kushoto, kisha kulia. Cox akaenda kutengeneza jino la chuma linalokata hivyo hivyo, na mwaka 1947 akaanza kuuza minyororo yake, kazi ikifanyika katika chumba cha chini cha nyumba yake, hapa hapa Portland. Minyororo mingi ya leo ni wajukuu wa jino lile. Cox alitajirika. Buu hakulipwa kitu.

Tajiri zaidi alikuwa Robert McCulloch mwenyewe. Fedha za chenso zilimkaa vizuri mfukoni hata mwaka 1968 akalinunua Daraja la London kwa dola 2,460,000. Likabomolewa, mawe yake ya nje yakasafirishwa, likajengwa upya katika jangwa la Arizona, kwenye mji aliouanzisha mwenyewe wa Lake Havasu City, na likafunguliwa mwaka 1971. Habari hii ni ya kweli, na jirani yangu huisimulia kila mara anaporudi nyumbani na McCulloch nyingine mbovu kwenye buti. Mkewe anakumbushwa kwamba mwanamume anayependa chenso angeweza kuleta kitu kikubwa zaidi.

Lakini ununuzi ni utangulizi tu. Ibada yenyewe ni kutafuta ubovu.

Injini ndogo ya aina hii inahitaji vitu vitatu: cheche, mafuta na mgandamizo. Ikikosa kimoja, haiwaki. Ikivipata vyote vitatu, chenso ya zamani bado haiwaki, na hapo ndipo mtu mvivu hukata tamaa na mkusanyaji huvuta kiti.

Kwanza plagi hufunguliwa, hulazwa juu ya silinda, kamba ikavutwa, watu wakainama kutafuta cheche. Haionekani. Mkosaji ni plateni, swichi ndogo ya cheche, ambayo wahandisi wa zamani, kwa hekima yao, waliificha nyuma ya flaiwili ili isisumbuliwe ovyo. Flaiwili haitoki kwa kuombwa. Inataka kifaa chake cha kuing'olea, na kifaa cha McCulloch hakimhusu Homelite. Ikishang'oka, plateni husuguliwa, hupimwa nafasi ya kama milimita 0.4, hurudishwa. Cheche inaonekana. Mzee anapiga kelele ya furaha, na mimi huitikia kutoka chumbani kwangu, maana ni Jumamosi na ni saa moja asubuhi.

Sasa mafuta. Ndani ya kabureta mna dayaframu, utando mwembamba unaopaswa kucheza kama ngozi ya ngoma. Miaka ikipita hukakamaa. Petroli ya siku hizi huku Marekani, nyingi yake ikiwa na ethanoli asilimia 10, huvuta maji na kuila mipira ya zamani, hivyo bomba la mafuta hulegea, hunata vidoleni, kisha hukatikia ndani ya tangi. Kutoa kipande kile kwa waya kupitia kwenye tundu la mfuniko ni kazi ya alasiri nzima. Mzee wangu haoni kuwa ni usumbufu. Anasema kazi hiyo inamtuliza.

Mgandamizo hupimwa kwa njia nzuri kuliko zote: unashika kishikio cha kamba ya kuwashia, unaiachia chenso ining'inie. Ikishuka polepole, kwa kusitasita, ringi bado zina uhai. Ikianguka moja kwa moja mguuni, umepata jibu pia.

Na siku moja moja, baada ya yote hayo, inawaka. Nataka kuwa mkweli juu ya siku hizo. Moshi wa buluu huvuka uzio na kutua kwenye nguo zangu zilizoanikwa, kwa sababu vitabu vya mashine zile vinaagiza oili nyingi, nyingine hata sehemu moja kwa sehemu 16 za petroli. Mbu hawaonekani kwa muda. Kisha sauti inapanda, inakuwa nyembamba, tamu, ya kasi ajabu, na mzee ananionyesha dole gumba juu ya uzio. Mimi nimeishi naye muda wa kutosha kujua maana ya utamu ule: oilsili zimechoka, hewa inajiingilia, mafuta hayatoshi, na hayo ndiyo mapafu ya injini yakitoa wimbo wake wa mwisho. Injini inayokunywa hewa kuliko mafuta huimba vizuri kuliko zote mpaka pistoni inapokwaruzika. Halafu kimya.

Hapo anahitaji silinda nyingine. Kwa modeli nyingi za umri ule, silinda mpya haiuzwi. Inauzwa ikiwa imo ndani ya chenso nyingine mbovu. Ndiyo maana hakuna mkusanyaji mwenye chenso moja. Anayo ya kutengeneza, anayo ya kuchinja ili atengeneze ile, na anayo ya tatu, ambayo iliingia kwa sababu ilikuwa na skrubu fulani ya pekee. Kufikia hapo zile mbili za akiba huanza kumtia huruma, naye huona dhambi kuzichinja, hivyo anatafuta za kuzichinjia hizo. Wachumi wanaosema vitu haviongezeki vyenyewe hawajaingia banda hili.

Sasa niseme kwa nini nadhani mtu huyu anastahili nishani. Muda wote huu, hakuna mti uliokatwa.

Uani kwake ipo miberoshi mirefu ya Douglas, ile iliyowatajirisha mabwana mbao wa Oregon. Imezungukwa na nguvu za farasi za kutosha kufyeka kata nzima, na imesimama kwa raha zake. Kenya ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, ilihitaji amri, askari wa misitu, vizuizi barabarani na makelele mengi ya wenye viwanda vya mbao. Mwezi Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa amri hiyo. Marufuku ya banda la jirani yangu haijatangazwa na haijaondolewa hata kwa saa moja, na askari wake ni kiutando kimoja cha mpira kilichokakamaa. Sijui mpango wa uhifadhi wenye gharama ndogo kuliko huu kwa taifa. Gharama yote anaibeba mkewe.

Kwetu Tanzania hatujafika kwenye ustaarabu huo. Pale Mafinga, karibu na shamba la miti la serikali la Sao Hill, nina binamu anayepasua magogo kuwa mbao kwa Stihl 070. Ni ukoo wa Contra ya mwaka 1959: injini ya sentimita za ujazo 106, haina breki ya mnyororo, haina mipira ya kupunguza mtetemo. Imepasua mbao katika misitu ya tropiki kwa miongo mingi. Binamu yangu hana mahali pa kununulia kifaa cha kung'olea flaiwili; anayo nyundo, na kiasi. Gasketi huikata kwenye boksi la biskuti. Waya uliokatika huufunga kwa waya mwingine. Na chenso yake, nasikitika kusema, inawaka. Inawaka kila siku ya kazi, mvuto wa pili au wa tatu.

Niliona nimwonyeshe jirani yangu picha yake kwenye simu. Aliishika simu ile kwa mikono miwili. Aliuliza kama rangi ni ya kiwandani. Aliuliza kama kifuniko cha chujio la hewa ni chenyewe. Nilipomwambia kuwa mashine hiyo imelipa karo za watoto wa binamu yangu mpaka sekondari, alishtuka kwelikweli.

“Mwambie ndugu yako aache kuitumia,” akasema. “Anaiharibu.”

Nikampigia binamu nikamfikishia ujumbe. Alinyamaza kidogo, nikasikia magogo yakishushwa.

“Kaka,” akasema, “huyo babu ana hela?”

Tulizungumza pia kuhusu mtetemo. Jirani yangu anausifu sana mtetemo wa chenso za kale. Anasema za siku hizi, zenye springi na mipira, zimemtenga mtu na mashine yake. Binamu yangu hajatengwa. Asubuhi za baridi, na kule Mafinga baridi ipo, vidole vyake hugeuka vyeupe na havishiki kikombe mpaka jua lipande. Ugonjwa huo unajulikana. Uingereza iliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kazini yenye fidia mwaka 1985. Wanaousifu mtetemo ni wale ambao chenso huwazimikia mikononi baada ya dakika mbili.

Nimetafakari nikaona suluhisho ni kugawana upya. Chenso zinazowaka zije Oregon, ambako zitapakwa rangi, zitawekewa plateni safi na dayaframu ya asili, na hazitawaka tena. Wazee wa huku watume kwetu chenso mpya zenye breki na mipira ya kuzuia mtetemo, ambazo wanazidharau. Binamu atapata vidole vyake, mzee atapata 070 yenye kifuniko chenyewe, na mimi nitapata jirani aliye na kazi nyingi zaidi ya bisibisi kuliko ya kamba. Nimeshamweleza mkewe. Aliniuliza kama 070 ni ndefu, kwa sababu rafu ya chini imejaa. Nikamwambia si ndefu kuliko daraja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na chenso kuukuu stoo, Njombe au Nyeri, Fort Portal au Bukavu, usiitupe na tafadhali usiitengeneze. Iandike namba ya modeli, ipige picha pande zote, uulize bei. Sema iliwaka mara ya mwisho ulipoijaribu. Na kabla ya kuisafirisha, mwaga petroli yote iliyomo tangini na ikaushe vizuri. Mashirika ya ndege hayapokei mashine yenye mafuta ndani.