Jinsi ya Kumrithi Bibi Usiyemjua: Mwongozo wa Magauni ya Zamani, Kasulu na Kibondo

Anayetaka gauni jipya ana kazi nyepesi: anaingia dukani, anataja saizi, analipa, anatoka. Jumapili anakutana na gauni hilo hilo kwenye kwaya, na Jumatatu analiona limevaliwa na muuza dagaa. Anayetaka gauni la zamani, lile la pamba lililoshonwa Ulaya au Marekani miaka ya sitini au sabini kwa ajili ya jua la miezi mitatu, hana budi kuamka mapema, kuinama, kuchambua, kubishana bei na kufua. Malipo yake ni kwamba hatakutana na pacha wake popote kati ya Kasulu na Kibondo. Mwongozo huu ni wa huyo wa pili.

Habari njema ya kwanza imo kwenye kalenda. Kiangazi cha Ulaya ni Juni hadi Agosti, na miezi hiyo hiyo ni kiangazi chetu huku nyanda za juu za Kigoma. Gauni halihitaji kubadilisha msimu. Litahitaji sweta tu, maana asubuhi ya Julai Kibondo haina mzaha.

Hatua ya 1: Ijue siku ya belo

Mitumba huingia nchini ikiwa imebanwa kwa mashine kwenye marobota, ambayo wenye biashara huyaita mabelo. Mengi yana kilo 45 au zaidi, na yamepangwa kwa aina: mashati, jinzi, nguo za watoto, magauni. Muuzaji hununua belo zima bila kuona kilichomo ndani. Akishalifungua, nguo zinazokwenda na wakati hutundikwa, zinazofuata hutandazwa kwenye turubai, na zilizosalia hurundikwa pamoja ziuzwe buku moja moja, na jioni jero.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama ana magauni mazuri, kwani hakuna aliyewahi kujibu hapana. Muulize anafungua lini. Msalimie kwanza, "Mwakeye", uulize hali ya nyumbani, ndipo uulize habari za belo. Muuzaji aliyesalimiwa vizuri hukumbuka kukupigia simu.

Siku ikifika, waache wenzako wagombanie zilizotundikwa. Gauni la zamani halitundikwi. Kola yake ni pana, kiuno chake ni cha mkanda, maua yake ni ya enzi nyingine, na kijana anayeuza haoni nani atalitaka. Lipo kwenye rundo. Huko mshindani wako ni fundi wa pikipiki, anayetafuta pamba nzuri ya kufutia oili. Fika kabla yake. Kila gauni utakalomwahi limeokolewa.

Hatua ya 2: Shika kwanza, tazama baadaye

Macho hupumbazwa na maua. Vidole havipumbaziki. Pamba ya zamani ina uzito, inapoa mkononi, na ukiikunja ngumi inabaki na mikunjo. Ukisikia kitambaa kinateleza na muuzaji anakiita silki, ujue kwamba katika biashara hii jina hilo hupewa kila kinachoteleza. Mara nyingi ni poliesta, kitambaa kilichobuniwa Uingereza mwaka 1941 na kuenea kwenye magauni ya miaka ya sitini na sabini. Uzee peke yake haulifanyi gauni kuwa la pamba.

Ukishanunua na bado una shaka, chomoa uzi mmoja kwenye upindo, nenda mbali na rundo la watu, uuchome kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Poliesta nayo huvalika, ila si saa saba mchana ya Septemba.

Hatua ya 3: Ligeuze ndani nje

Nje ya gauni ni maneno ya muuzaji. Ndani ndiko kwenye ushahidi. Anza na zipu: za chuma zilitawala mpaka miaka ya sitini, zilipoanza kupisha za nailoni, na zipu ya ubavuni badala ya mgongoni mara nyingi huashiria gauni la nyuma zaidi ya hapo. Kisha soma lebo. Iliyotaja Ujerumani Magharibi ni ya kabla ya 1990, kwa sababu baada ya hapo nchi hiyo haikuwapo. Iliyotaja Chekoslovakia ni ya kabla ya 1993. Lebo ya St Michael ilikuwa ya maduka ya Marks & Spencer ya Uingereza, nayo iliachwa mwaka 2000. Gauni la Marekani lisilo na maelezo yoyote ya kufua huenda ni la kabla ya 1972, mwaka ambao watengenezaji walianza kulazimishwa kuyashonea. Ila hakikisha kwanza kwamba hakuna aliyeyakata kwa sababu yalimwasha shingoni.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, pima upindo na akiba ya mshono. Gauni la kisasa la bei rahisi huachiwa kitambaa chembamba sana pembeni, na ukinenepa kidogo limekuaga. La zamani mara nyingi limeachiwa upana wa vidole viwili ubavuni na upindo wa kiganja kizima. Aliyelishona alijua kwamba mwenye gauni atazaa, atanenepa, atakonda, na gauni litamfuata. Hiyo ndiyo sababu ya kulipenda, kupita hata maua yake.

Hatua ya 4: Bei, na uso wa kuisemea

Ukiliona gauni la ndoto zako, shika jingine. Lisifu hilo jingine. Uliza bei yake, guna, lirudishe. Ndipo ulinyanyue la kwako kwa vidole viwili.

"Na hiki je?"

"Hicho elfu tano, anti."

"Elfu tano na kifungo kimeanguka, mdogo wangu?"

"Basi toa tatu."

Taja kasoro iliyopo, usizushe isiyokuwapo. Muuzaji amebeba hasara ya nguo zote zilizotoka mbovu kwenye belo lile, na bei ya haki ndiyo itakayomfanya akupigie simu tena mwezi ujao. Mkishakubaliana, lipa, aga, tembea taratibu. Kushangilia ni baada ya kona.

Hatua ya 5: Lifue kabla hujalijaribu

Harufu ya mtumba inajulikana na kila pua ya Tanzania, nayo haiondoki kwa manukato. Tia kona ya gauni kwenye maji baridi uone kama linachuja rangi. Halichuji, liloweke lote, ulifue kwa mikono na sabuni ya mawese. Mkoa wa Kigoma ni nchi ya michikichi, na sabuni hii ya kwetu inalitosha. Usilikamue kwa kulisokota, lianike kivulini likiwa limegeuzwa, kwani jua kali la kiangazi hula rangi ambayo miaka hamsini haikuila. Kisha lipige pasi, mishono na pindo zote, hata kama unapenda mikunjo. Inzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na moto wa pasi ndio unaoyamaliza.

Hatua ya 6: Mpelekee fundi, na umlipe

Bila fundi cherehani, gauni la zamani ni kumbukumbu ya mwili wa mtu mwingine. Fundi ndiye anayelifanya lako. Mwoneshe ile akiba ya mshono naye atatabasamu, kwa sababu ni mara chache siku hizi anapata kitambaa cha kuachia. Atafungua ubavu, atapandisha bega, atahamisha kiuno, na gauni lililokaa kwa mtu mrefu mwembamba litakaa kwako.

Urefu una historia yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 minisketi zikapigwa vita Dar es Salaam. Mwaka huo huo mafundi wa London walikuwa wanashona magauni ya juu ya goti, na baadhi yake ndiyo unayoyaokota leo kwenye rundo. Wazee wa Kasulu hawana operesheni, ila wana macho. Mwambie fundi aongeze pindo la kitenge chini. Kigoma haijawahi kupungukiwa vitenge, Kongo iko ng'ambo ya ziwa, na maua ya Uingereza yakikaa juu ya kitenge cha Kongo hutoka gauni ambalo Ulaya yenyewe haina.

Kumlipa fundi vizuri kuna uzito mwingine. Magauni haya ya bei rahisi yana upande wake wa pili: viwanda vya nguo vya Afrika Mashariki vimeumizwa na mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia kuiondoa ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia, na 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Mpenzi wa magauni hawezi kuamua jambo hilo peke yake. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba kwa kila gauni analookota, fundi wa mtaani kwake anapata kazi. Gauni likikugharimu elfu tatu na fundi elfu tano, hesabu imekaa sawa.

Hatua ya 7: Livae kwa hali ya hapa

Saa moja asubuhi: sweta juu, kanga mabegani. Saa nne: sweta kiunoni. Saa saba: gauni peke yake, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini pamba. Saa kumi na mbili jioni, rudisha vyote.

Kwenye bodaboda gauni pana ni hatari ya kweli, kwa kuwa mnyororo na tairi havichagui kitambaa. Vaa taiti ndani, kusanya marinda yote mapajani, funga kanga juu yake, ndipo umwambie dereva aondoke. Kama njia yako bado ni ya vumbi jekundu, acha gauni jeupe kwa siku za kutembea kwa miguu.

Hatua ya 8: Kusanya, usirundike

Mkusanyiko hupimwa kwa magauni yanayovaliwa. Yaweke kwenye sanduku safi, pamoja na majani makavu ya mwarobaini, mbali na panya, na kila mwanzo wa kiangazi yatoe yote yapunge hewa. Lisilotoka sandukuni viangazi viwili mfululizo si lako tena. Mpe binti wa dada yako, mwanakwaya mwenzako, au jirani anayelisifu kila mara akiamini huelewi.

Na ukilitoa, litoe likiwa limefuliwa na kifungo kimerudishwa, na akiba ya mshono usiikate hata kidogo. Wewe ulikuta vidole viwili vya kitambaa kwa hisani ya fundi usiyemjua. Mwachie na atakayefuata.